Namna na Njia: Vitenzi vya Mwendo vya Kiingereza Mbele ya Msemaji wa Kiswahili

Kila mwaka, katika darasa la tafsiri, huwapa wanafunzi sentensi fupi ya Kiingereza inayomhusu mtoto aliyemwona babu yake akija, naye akatoka nyumbani mbio kwenda kumlaki. Kiingereza chake ni chepesi. Kitenzi kilichotumika ni "ran out". Wengi huandika kwamba mtoto "alikimbia nje ya nyumba". Wachache, kwa kutaka kufupisha, huandika kwamba mtoto "alikimbia nyumba". Tafsiri ya kwanza yamwonyesha mtoto akizungukazunguka uani, maana mbio zake ni za huko huko nje. Ya pili yamgeuza mtoro: kama mtu alivyokimbia vita au deni, ndivyo huyu alivyoikimbia nyumba ya wazazi wake. Babu hana habari.

Wanafunzi hawa si wajinga wa Kiingereza, wala Kiswahili si kigeni kwao. Wakiwa barazani hakuna hata mmoja ambaye angesema hivyo. Wangesema "alitoka mbio", na mazungumzo yakaendelea. Kinachowapotosha ni kutafuta neno kwa neno mahali ambapo lugha hizi mbili hazikugawa kazi kwa namna moja. Shabaha ya makala haya ni kueleza mgawanyo huo, na kuonyesha kwa nini orodha za vitenzi ambazo wanafunzi wetu hukaririshwa tangu shule za msingi haziwafikishi mbali.

Kwanza niungame kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, nilitafsiri ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili kwa ajili ya semina. Palikuwa na mzee aliyeingia chumbani akichechemea. Niliandika kwa Kiingereza kwamba mzee aliingia chumbani huku akitembea kwa kuchechemea. Mwalimu alikata maneno yote yale kwa wino mwekundu, akaandika mawili juu yake: "limped in". Nilikasirika kidogo, kwani sikuona kosa la sarufi, na kweli halikuwapo. Ilinichukua muda kutambua kwamba wino ule haukuwa ukisahihisha sarufi. Ulikuwa ukihamisha vitu kutoka chumba kimoja cha sentensi hadi kingine.

Leonard Talmy, mwanaisimu wa Marekani, alilieleza jambo hili kwa upana katika makala yake ya mwaka 1985. Katika kila tukio la mwendo mna mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza ni njia: kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuvuka. La pili ni namna: kwa mbio, kwa kuchechemea, kwa kutambaa. Lugha hutofautiana katika kuamua ni lipi kati ya haya litakalokaa ndani ya kitenzi kikuu. Kiingereza hukitwika kitenzi namna, kisha njia ikaachiwa vijineno kama "in", "out", "up" na "across". Kihispania na Kituruki hufanya kinyume: njia ndiyo kitenzi, na namna hufuata nyuma ikiwa ina haja ya kutajwa. Baadaye Ruth Berman na Dan Slobin, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walilinganisha masimulizi ya watoto na watu wazima wa lugha tano waliosimulia hadithi moja ya picha zisizo na maneno, ya mvulana amtafutaye chura wake. Wasimulizi wa Kiingereza walitaja namna ya mwendo mara nyingi zaidi, na kwa vitenzi vya aina nyingi zaidi, kuliko wale wa Kihispania na Kituruki.

Kiswahili, kwa sehemu kubwa, kimo upande wa Kihispania. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita na rudi ndizo nguzo za masimulizi yetu. Hata hivyo haifai kuharakisha kusema, kama nilivyowahi kusikia mkutanoni, kwamba Kiswahili ni maskini wa vitenzi vya namna. Mtu hupepesuka, huyumba, hunyata, hunyemelea, hutambaa, husota, huranda, huzurura, hujikokota, hutagaa. Anayesota huenda kwa makalio, na anayetagaa huenda amepanua miguu. Sijui mwalimu wa Kiingereza angepata wapi neno moja moja la kulipia haya mawili. Tatizo si uchache wa maneno. Ni kwamba vitenzi hivi vyetu havipendi kuvushwa mpaka. Mzee wetu huchechemea barabarani siku nzima bila taabu, lakini akifika mlangoni lazima aazime kitenzi kingine: aliingia akichechemea.

Ile "-ki-" ya "akichechemea" ndiyo mlango mkuu wa kupitishia namna katika Kiswahili, lakini si wa pekee. Upo utaratibu wa zamani wa kukiacha kitenzi "enda" kikiwa mbeba mizigo tu, nayo maana yote ikatiwa katika neno lifuatalo: kwenda chopi, kwenda kwata, kwenda matiti, kwenda shoti, kwenda telki. Matatu ya mwisho ni ya wanyama. Katika mji kama Lamu, ambako punda ndiye gari, si ajabu kwamba mwendo wake ulipewa majina. Jambo hili lina manufaa darasani, kwa sababu Kiingereza nacho kilikwenda kuazima katika zizi hilo hilo. Kitenzi "amble", ambacho wanafunzi wetu hukariri kuwa ni "kutembea polepole", kilianza kama jina la mwendo wa farasi ainuaye miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, mwendo laini usiomchosha mpandaji. Aliyepata kumtazama punda akienda telki ameshaelewa nusu ya neno hilo. Polepole yenyewe si kiini chake. Kiini ni wepesi na kutojitaabisha.

Mlango mwingine ni tanakali. Jiwe hutumbukia majini chubwi, gunia huanguka pu. Kiingereza hupenda kuuingiza mlio kama huu ndani ya kitenzi chenyewe, hivyo jiwe lake "plops" na mzigo wake "thuds". Sisi tumeuacha nje, ukisimama peke yake kama mpiga zumari aliyefuata msafara. Mwanafunzi anayetafsiri tanakali kwa kielezi cha Kiingereza hupoteza sauti. Akitafuta kitenzi, mara nyingi ataipata.

Ipo pia njia ambayo nadhani haijatumiwa vya kutosha katika mafunzo yetu, nayo ni kauli ya kutendea. Kitenzi cha namna kikinyambuliwa hivyo hupata nguvu ya kuelekea mahali: mtoto alikimbilia chumbani, paka alirukia mezani. Hapa Kiswahili chafanya jambo linalokaribia sana lile la Kiingereza, kitenzi kimoja kikibeba namna na kuelekeza njia pamoja. Ila kauli hii hutazama mbele tu. Haisemi mtu alikotoka. Ndiyo maana "ran into the room" haiwatatizi wanafunzi, na "ran out of the house" huwaangusha kila mwaka.

Sasa zitazamwe orodha. Katika daftari nyingi nimeona "stroll", "saunter" na "amble" zimepangwa safu moja, zote mbele yake zimeandikwa "tembea polepole". Na "trudge", "plod" na "shuffle" zote ni "tembea kwa shida". Mwanafunzi aliyefunzwa hivi huamini kwamba maneno haya ni mapambo ya kubadilishana ili insha ipate alama. Kumbe kila moja lina mtu wake na ardhi yake. Anayefanya "stroll" ametoka kupunga upepo. Anayefanya "trudge" amechoka, na njia ni ndefu au ina matope, jikokota chamfaa. Anayefanya "plod" aweza asiwe amechoka hata kidogo, bali ana mwendo mzito usiobadilika, na atafika. Anayefanya "shuffle" anaburuta miguu bila kuinua nyayo, hata kama ni sakafu ya benki. Ukitaka kujua kama mwanafunzi amelielewa neno, usimwulize maana yake. Mwulize ni nani atembeaye hivyo, amevaa nini miguuni, na kama anajua kwamba anatazamwa.

Swali hilo la mwisho si la mzaha. "Strut" na "swagger" haviwezi kuelezwa bila watazamaji, sawa na mtu arandaye kwa madaha mbele ya baraza. Na "stalk" ni mtego wenye taya mbili. Kwa maana moja ni kunyemelea, kama chui na swala. Kwa maana nyingine ni kutembea kwa hatua ndefu na shingo ngumu, kwa hasira au kiburi. Nimesoma tafsiri ambamo mke aliyekasirika "alinyemelea nje ya chumba", ilhali katika kitabu alikuwa ametoka kwa kishindo hata mlango ukatikisika.

Lipo jambo moja la mofolojia ambalo huwafurahisha wanafunzi wakilionyeshwa. Vitenzi vingi vya Kiingereza vya mwendo wa kurudiarudia huishia kwa "-le": "waddle", "wriggle", "hobble", "shuffle". Kiambishi hiki kilikuwa zamani alama ya kurudia, na "waddle", mwendo wa bata, huhesabiwa kuwa kimetokana na "wade", yaani kupita majini kwa miguu. Kiswahili hupata maana iyo hiyo kwa kurudufu: yumbayumba, tangatanga, rukaruka, randaranda. Msemaji wa Kiswahili ajuapo hili, kundi zima la maneno yaliyoonekana kuwa yametupwa ovyo huanza kuwa na ukoo.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Kiingereza kina "carry" moja kubwa. Sisi mtoto huelekwa mgongoni au hupakatwa mapajani, mtungi hutwikwa kichwani, fedha hufutikwa kiunoni, sarafu hufumbatwa mkononi. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kutaja viambishi "-ma" na "-ta" vinavyoonekana katika maneno kama haya: "-ma" ya hali ya kutulia, katika inama, chutama, egama na kwama, na "-ta" ya kugusana na kushikamana, katika fumbata, pakata, kamata na ambata. Viambishi hivi havizai tena maneno mapya kwa wingi, na labda kwa sababu hiyo vimeachwa pembezoni mwa silabasi. Lakini vinaonyesha kwamba lugha yetu ilielekeza macho yake kwenye mkao wa mwili na mgusano wake na kitu, pale ambapo Kiingereza kilielekeza macho kwenye nyayo. Mwanafunzi aliyekwisha kuliona hilo katika lugha yake hahitaji kuambiwa kwamba Kiingereza kina "utajiri". Ataona kwamba kila lugha imehesabu vitu vyake.

Miaka miwili iliyopita niliacha kutoa orodha. Badala yake mwanafunzi mmoja husimama na kutembea kutoka dirishani hadi ubaoni, nao wenzake huandika alichofanya kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, wakipiga mstari chini ya namna na mistari miwili chini ya njia. Makosa ya "alikimbia nje" yamepungua, ingawa hayajakwisha. Muhula uliopita tulikwama kwenye "lurch", ambalo hutumika kwa mlevi na kwa basi pia, na ambalo hudai mtikisiko wa ghafla wa kuelemea upande mmoja, tena bila kukusudia. Yumba halina ughafla huo, na pepesuka haliwezi kusemwa juu ya basi. Kundi moja lilipendekeza "enda mrama", kwa mfano wa chombo baharini. Kundi la pili likakataa, likasema mrama ni wa kuendelea, wala si wa mara moja. Saa ilikwisha wakiwa bado wanabishana, na ubaoni palibaki mistari miwili yenye nafasi tupu juu yake.