Nasari Yetu: Mbona Wanaimba Tu?



Katika mkutano mmoja hapa Naitiri, baba mmoja alisimama akaniuliza: "Dada, sisi tumetoa mchango, darasa likajengwa, ubao ukanunuliwa. Mbona kila nikipita pale nasikia watoto wanaimba tu? Wataandika lini?" Watu wakampigia makofi.

Sikumlaumu. Nilipoanza kazi hii, niliwahi kushauri kikundi kimoja kiwaketishe watoto wa miaka minne kwenye benchi, wanakili herufi asubuhi nzima. Walisinzia. Wengine walilia wakipelekwa shule. Nilikosea, na ndiyo sababu leo naandika.

Basi tuanze na makofi hayo hayo. Tamka jina la kwetu, kofi moja kwa kila kipande: Na-i-ti-ri. Makofi manne. Sasa Ki-ta-le: matatu. Mwalimu wa nasari hufanya mchezo huu kwa majina ya watoto, na kila mmoja anangoja zamu yake kwa hamu. Kumbe hapo mtoto anasikia silabi kabla hajaona herufi hata moja, tena anahesabu. Siku mwalimu akiandika "ma" ubaoni, sauti yenyewe mtoto anaijua tayari. Kilichobaki ni kuijua sura yake.

Mchezo mwingine: mwalimu anagonga jerikeni kuukuu. Akigonga polepole, watoto wanatembea kama kobe. Akiharakisha, wanakimbia. Akinyamaza ghafla, kila mtu tuli! Ukipita barabarani utasema ni fujo. Lakini mtoto anajifunza kusikiliza na kujizuia, jambo ambalo hata sisi wazee linatushinda mikutanoni.

Upo pia ule wa kuficha kitu. Mtoto mmoja anatoka nje, wenzake wanaficha kijiti. Akirudi wanaimba: akikaribia kijiti wanapaza sauti, akienda mbali wanashusha. Hakuna anayemwambia neno, sauti ndiyo inayomwongoza. Nimeona watoto waoga, wasiojibu swali la mwalimu hata kwa kichwa, wakiimba wazi katika mchezo huu.

Sasa vifaa. Msikimbilie dukani. Tafuteni mikebe sita yenye vifuniko: miwili itiwe mchanga, miwili mahindi, miwili maharagwe. Mtoto anatikisa na kutafuta pacha wa kila mkebe kwa sikio tu. Fungeni vifuniko kabisa, maana haragwe likiingia puani mwa mtoto mtaishia zahanati! Chupa za soda nazo zina maajabu yake. Tia maji viwango mbalimbali, ugonge kwa kijiti: yenye maji mengi inatoa sauti nzito. Lakini ukipuliza mdomoni pa chupa, mambo yanageuka, yenye maji mengi inatoa sauti nyembamba. Ukigonga, kinacholia ni chupa pamoja na maji. Ukipuliza, ni hewa iliyobaki juu, na hewa kidogo hulia sauti ya juu. Chupa ashike mwalimu, kwa kuwa kioo huvunjika.

Na nyimbo zenyewe? Hapo ndipo kikundi kina mali kuliko mwalimu. Mashamba haya yalipogawanywa tulikuja watu wa lugha nyingi: Wabukusu, Watachoni, Wakabras, Wasabaoti, Wateso, Wakikuyu. Kila nyanya ana wimbo wa kubembeleza mtoto au wa mchezo wa mwezini. Mwalikeni mmoja kila wiki, aketi chini na watoto. Kengele za chinyimba watoto wataziiga tu kila mwaka wa tohara, kwa kuwa wanazisikia barabarani. Ni vizuri kuwauliza wazee kabla ya kuzitia darasani.

Kitu kimoja sikipendi. Ni kuwafunza watoto wimbo mmoja wiki tatu, wamesimama mstari juani, ili wageni wafurahi siku ya kufunga shule. Huo si mchezo. Ni kibarua.

Wazazi wengine wanaogopa mtihani wa kuingia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Anaweza kupimwa tu ili awekwe darasa linalomfaa. Tena tangu Januari 2019, PP1 na PP2 zinafuata mtaala wa umilisi, na humo nyimbo na michezo ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Haibi saa zenu.

Kwa hiyo, kabla hamjachanga pesa za benchi zaidi, fyekeni uwanja mbele ya darasa, mng'oe visiki na mwokote vioo. Kila nyumba ilete mkebe mmoja. Yule baba wa mkutano tulimpa kazi ya kutoboa vifuniko vya soda na kuvitunga kwenye waya viwe njuga. Alitengeneza kumi na mbili, na ya kumi na tatu akaenda nayo nyumbani.