Mkonge Ndani ya Plastiki: Joto la Kiwandani Ndilo Huamua

Ukitoka Ndara, Taita Taveta, mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate hayako mbali, na wengi wetu tunaijua singa yake kwa kamba na magunia. Singa hiyo hiyo huchanganywa pia na plastiki. Mercedes-Benz wamekwisha kuitumia katika paneli za milango ya magari. Sasa fikiria gari limeegeshwa kwenye jua la Voi, dashibodi inakaribia nyuzijoto 70. Je, paneli ya mkonge itapinda? Paneli mbili zenye mchanganyiko mmoja zaweza kutoa majibu mawili, kwa kuwa hazikupikwa sawasawa.

Adui wa kwanza ni maji. Singa iliyoanikwa ikaonekana kavu bado hubeba unyevu, pengine sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndani ya mtambo wa kuchanganyia singa na plastiki, maji hayo hugeuka mvuke, huacha vipovu, na plastiki haiishiki singa vizuri. Kwa hiyo singa hukaushwa tena kwenye tanuri kwa saa kadhaa, muda mfupi kabla ya kuchanganywa.

Halafu joto lenyewe, na hapa nafasi ni finyu mno. Polipropilini, plastiki ya viti na ndoo, huyeyuka karibu na nyuzijoto 165. Singa nayo huanza kudhurika ikipita 200 hivi: kati ya viambato vyake, hemiselulosi hutangulia, selulosi hufuata kwenye 300 na zaidi. Dalili huonekana wazi. Rangi ya krimu huwa kahawia, na harufu ya kuungua husikika kwenye mdomo wa mtambo. Ikikawia humo, singa huharibika hata kwa joto ambalo ingelivumilia kwa dakika mbili. Parafujo inayochanganya ndani ya mtambo ikizungushwa kasi mno, msuguano huongeza joto ambalo kipimajoto cha ukuta wa mtambo hakilioni, na singa hukatika vipande vifupi visivyoshikilia plastiki ipasavyo inapolainika.

Kupoza pia kuna uzito wake. Plastiki iliyopozwa haraka hukosa muda wa kupanga fuwele zake. Ikikutana na jua baadaye huendelea kuzipanga, hunywea na kupinda. Ikipozwa polepole, fuwele nyingi huota kuanzia kwenye uso wa singa, na bidhaa hutulia zaidi kwenye joto.

Anayetaka kufungua karakana ya bidhaa hizi Taita Taveta, namsihi anunue kwanza tanuri la kukaushia na kipimajoto cha kuchomeka ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Mtambo mkubwa uje baadaye.