Kurefusha Waranti ya Gari Lililozeeka: Ni Dhamana ya Muuzaji au Bima kwa Jina Jingine?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yetu mmoja mwenye asili ya Tanga, anayeishi Uingereza, ametuletea suala. Anamiliki gari la spoti, Porsche 911 la mwaka 2012, alilolinunua likiwa limeshatumika. Waranti yake inakaribia kwisha, naye ameletewa barua ya kumtaka ailipie tena kwa miaka miwili. Anasema ana hofu mbili. Asipolipa, kisha injini ikaharibika, matengenezo yanaweza kumla akiba yote, pamoja na fedha anazompelekea mama yake kila mwezi. Akilipa, anachelea asije akawa ameingia katika bima iliyokatazwa. Afanye lipi?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwani suala hili halimhusu mwenye Porsche peke yake. Anayenunua friji, televisheni au simu naye hupewa waranti, na mara nyingi huulizwa kama angependa kuirefusha kwa kuongeza fedha. Sura ni moja, ijapokuwa bei ni mbalimbali.

Dhamana iliyomo ndani ya bei

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sharia haikumwacha mnunuzi bila ya ulinzi. Mafakihi wamekubaliana juu ya khiyar ya aibu: mtu akinunua kitu, kisha ikadhihiri kasoro iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, yenye kupunguza thamani au manufaa yake, naye hakuijua wala kuiridhia, basi ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Haki hii hailipiwi chochote. Imo ndani ya bei yenyewe, kwa sababu mnunuzi alitoa fedha zake kwa kutaraji kitu kizima.

Wanafunzi waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi wanakumbuka kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii, aibu iliyozuka baada ya makabidhiano ni ya mnunuzi, isipokuwa ikiwa sababu yake ilitangulia. Hapo hurudi kwa muuzaji kwa kauli iliyo sahihi. Masharti yake ni kuwa mnunuzi afanye haraka anapoigundua. Akiendelea kukitumia kitu hali ya kuwa ameshaijua aibu, amejipokonya haki yake mwenyewe.

Magari haya yanatupa mfano ulio wazi. Porsche zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008 zilikuwa na beringi ndani ya injini, katika shafti ya kati, ambayo katika baadhi ya magari ilivunjika na kuiharibu injini nzima. Huko Marekani wenye magari walifungua kesi, ikamalizwa kwa suluhu mwaka 2013. Beringi ya namna hiyo haivunjiki siku ya kununua, huenda ikavunjika baada ya miaka, lakini udhaifu wake ulikuwamo tangu kiwandani. Hii ndiyo maana ya sababu iliyotangulia.

Watu wa Madina walikwenda mbele zaidi. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Aban bin Uthman na Hisham bin Ismail walikuwa wakitaja katika hotuba zao uhda, yaani dhamana ya muuzaji, katika zama ambazo watumwa walikuwa wakiuzwa: siku 3 kwa kila aibu, na mwaka 1 kwa wazimu, ukoma na mbalanga. Muda huo ukipita, muuzaji ameshatoka katika dhamana. Madhehebu mengine hayakuichukua hukumu hiyo, lakini tunaona kwamba fikra ya dhamana yenye muda maalumu si ngeni katika vitabu vyetu.

Hukumu ya Sayyidna Uthman

Wengi huuza magari kwa kusema "nakuuzia kama lilivyo, mimi simo." Je, kauli hiyo humtoa muuzaji katika dhamana?

Katika Muwatta imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujitoa katika aibu zote. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakapelekana kwa Sayyidna Uthman (R.A.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza pasina maradhi anayoyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Kutokana na hukumu hiyo, Imamu Shafii amesema kwamba sharti la namna hii humtoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, kwa kuwa mnyama hula na kunenepa akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na maradhi yake hufichika. Ama katika vitu visivyo na uhai, sharti hilo halimtoi katika aibu iliyofichika. Mahanafi wao wameona kuwa linamtoa. Gari si mnyama. Kwa hiyo kwa kauli ya madhehebu yetu, muuzaji hasalimiki kwa neno "kama lilivyo", na kama aliijua kasoro akainyamazia, basi amefanya ghashi, na Mtume (S.A.W.) amewakana wenye kughushi.

Sheria za nchi aliko muulizaji zimekaribia maana hii. Sheria ya haki za mlaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kukirudisha kitu kibovu, na kasoro ikitokea ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe kinyume chake. Muislamu aitumie haki hiyo kwanza, kabla ya kufikiria kununua dhamana nyingine.

Waranti iliyoshurutishwa katika mauzo

Waranti ya kiwanda inayokuja na gari jipya ni mauzo yenye sharti. Mafakihi wa kale walikwisha kulizungumza jambo hili. Mahanafi, kwa kuangalia ada ya watu, waliruhusu kununua kiatu kwa sharti muuzaji akifunge ukanda wake, ijapokuwa kiasi cha kawaida kingelikataza sharti hilo. Mahanbali walitegemea hadithi ya Jabir (R.A.), aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wake akashurutisha kumpanda mpaka Madina.

Baraza la Fikihi la Kimataifa, katika kikao chake cha 11 kilichofanyika Manama, Bahrain, mwezi wa Novemba 1998, lilitoa azimio nambari 103 kuhusu mikataba ya matengenezo. Liliruhusu matengenezo yaliyoshurutishwa juu ya muuzaji katika mkataba wa mauzo kwa muda maalumu, mradi yaelezwe kwa namna itakayoondoa ujinga unaoleta ugomvi. Kwa hiyo waranti ya aina hii haina tatizo.

Waranti ya kununuliwa peke yake

Tatizo linaanza pale mauzo yanapokuwa yamekwisha, gari limekuwa mali ya mtu kwa miaka, kisha akaambiwa: lipa kiasi fulani, ukiharibikiwa tutakutengenezea, usipoharibikiwa fedha ni zetu.

Hebu tulitazame kwa mfano. Tuseme amelipa pauni 2,000. Injini ikifa, atatengenezewa kwa pauni 12,000. Isipokufa, hapati kitu. Wakati wa kufunga mkataba hakuna ajuaye lipi litatokea. Mmoja wao lazima atapata zaidi na mwingine atapungukiwa, na mwamuzi ni tukio lisilojulikana. Hii ndiyo gharar, na Mtume (S.A.W.) amekataza mauzo ya gharar kama alivyopokea Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi Muslim. Kwa sababu hiyo hiyo Baraza la Fikihi, katika kikao chake cha 2 mjini Jeddah, Desemba 1985, lilipitisha kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ni haramu, na badala yake likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana, ambayo watu huchangiana kwa nia ya kusaidiana.

Wala hatuwi peke yetu katika kutofautisha mambo haya mawili. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho huwatanabahisha wanunuzi kwamba mkataba wa huduma ya gari unaouzwa mbali, hata ukiitwa waranti iliyorefushwa, si waranti. Waranti ya kweli imo katika bei ya gari. Wasiosoma fikihi wamefikia mpaka ule ule walioufikia mafakihi.

Wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu. Hoja yao ni kwamba mwenye kuahidi ni mtengenezaji au muuzaji mwenyewe, kwamba analolitoa ni kazi na spea wala si fedha, na kwamba gharar yake ni ndogo kwa sababu gari limekwisha kukaguliwa. Hoja hii ina nguvu pale mnunuzi anapochagua tangu siku ya kununua, akauziwa gari kwa bei ya juu kidogo pamoja na waranti ndefu, katika mkataba mmoja. Ziada hiyo ni sehemu ya bei. Ama kwa gari lililozeeka ambalo ni la mtu miaka mingi, hatuoni mauzo ambayo sharti hilo litaegemea. Na gharar haipungui gari linapozeeka, bali huzidi.

Wala haisemwi kuwa ni dharura kama ile bima inayolazimishwa na serikali kwa kila mwenye kuendesha barabarani. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kurefusha waranti.

Afanye nini mwenye gari?

Kwanza, aujue ukweli wa gari lake. Hofu nyingi hutokana na kusikia. Ndugu yetu ametuandikia kwamba anaiogopa beringi tuliyoitaja, lakini injini za 911 za kawaida zilibadilishwa kuanzia magari ya mwaka wa 2009, na beringi hiyo haimo. Gari lake ni la 2012. Amekuwa tayari kulipa fedha nyingi kwa kuogopa kitu kisichokuwamo. Amlipe fundi anayejitegemea alikague gari, aingize kamera ndani ya silinda aone kama kuna mikwaruzo. Hiyo ni ijara, kazi maalumu kwa ujira maalumu, na ni halali bila ya shaka.

Pili, ausome mkataba aliopewa. Nani anayeahidi: kiwanda, muuzaji au kampuni ya bima? Ni vitu gani vimetolewa? Kwa kawaida vitu vinavyolika kwa matumizi, kama matairi na breki, havimo. Waranti rasmi ya Porsche nchini Uingereza huishia gari linapofikia miaka 15 au maili 125,000. Maana yake ni kwamba hata akilipa leo, uko mwisho usio mbali, na baada yake atabaki na gari kuukuu zaidi bila ya waranti.

Tatu, kile kiasi alichotaka kulipa akiweke mwenyewe kila mwaka kwa ajili ya matengenezo. Gari lisipoharibika, fedha ni zake. Asisahau kwamba fedha hizo zikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka zina zaka, hata kama amezikusudia kwa injini. Gari lenyewe la matumizi halina zaka.

Nne, kama anataka makubaliano na gereji, achague ya kazi inayojulikana: kumwaga oili mara kadhaa, ukaguzi wa kila mwaka, kwa bei iliyotajwa.

Tano, akiona hawezi kubeba gharama za gari hili bila ya kumpunguzia mama yake, basi jibu si waranti, bali ni kuliuza. Nafaka ya mzee iko mbele ya injini, na matumizi ya wazazi wenye haja ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Na siku ya kuliuza, amweleze mnunuzi kila kasoro anayoijua, kwani Mtume (S.A.W.) amesema kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye aibu ila amemwonesha.

Ama aliyekwisha kulipa waranti ya namna hii bila ya kujua, atubie, aivunje na adai fedha zake kama mkataba unamruhusu. Ikishindikana, wako wanazuoni walioona kwamba anaweza kunufaika kwa kadiri ya kile alichokilipa, wala asizidishe.

Tunawausia maimamu wasiwajibu watu kwa neno moja, halali au haramu, kabla ya kuuliza: dhamana hii imo ndani ya bei au imenunuliwa mbali? Swali hilo moja ndilo linalotenganisha hukumu mbili.

Wallahu a'lam.