Chumba cha Kujifungulia Kisicho na Maji: Tulipofika na Tulipokwama Kibondo na Kasulu

Katika toleo hili tumeombwa tujibu swali ambalo limekuwa likirudi kwenye vikao vya kamati za afya na diakonia: ikiwa serikali imejenga zahanati na vituo vya afya vingi kiasi hiki, na ikiwa matibabu ya mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure, kwa nini sharika bado zinachangishwa fedha za afya? Swali ni la haki. Tutalijibu bila kuficha, pamoja na yale tuliyoyakosea sisi wenyewe.

Kwanza, mafanikio yapo na ni makubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa Tanzania, 47 tu walizaliwa katika kituo cha tiba. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamefika 81. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Vifo vya akina mama vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Mzee yeyote wa usharika anayekumbuka mazishi ya watoto ya miaka ya tisini hahitaji takwimu ili aamini.

Kwetu Kigoma kuna sababu za pekee. Kuanzia mwaka 2006 mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies uliboresha vituo vya afya vya vijijini mkoani, ukajenga vyumba vya upasuaji na kuwafundisha madaktari wasaidizi kumfanyia mama upasuaji wa uzazi. Kabla ya hapo mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida alitakiwa afikishwe hospitali ya wilaya, au Kabanga kwa wale wa Kasulu, na wengine walibebwa kwa machela ya miti hadi barabarani kusubiri gari lolote lipite. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umekuwa ukisambazwa nchini: mtu anapiga 115 bila malipo, naye mama hutafutiwa gari la wagonjwa, na kama halipo, dereva wa kijiji aliyeandikishwa humpeleka kwa malipo ya mpango. Tunaomba kila mwinjilisti aitangaze namba hiyo, kwa maana bado tunakutana na familia zinazouza mbuzi usiku ili kulipa pikipiki.

Malaria ni habari nyingine. Mwaka 2017, wakati wastani wa nchi ulikuwa watoto 7 wenye vimelea kati ya 100 waliopimwa, Kigoma walikuwa 24. Hatukuwa na la kujivunia.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, na hapa tunaomba mtuvumilie maana fedha za zahanati zina njia ndefu. Hadi mwaka 1993 matibabu ya serikali yalikuwa bure kwa wote, ndipo ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Makundi kadhaa yalipewa msamaha: wajawazito, watoto wadogo, wazee wasiojiweza na wenye magonjwa fulani ya kudumu. Msamaha huo ni jambo jema na tunauunga mkono. Lakini msamaha si fedha. Mgonjwa mwenye msamaha anapotibiwa hakuna anayeweka shilingi mahali pake katika kisanduku cha zahanati. Sasa hesabuni wenyewe ni akina nani wanaokuja zahanati ya kijiji: wengi ni akina mama na watoto. Zahanati yenye wagonjwa wengi kuliko zote inaweza kuwa ndiyo yenye makusanyo haba kuliko zote, na hapo ndipo muuguzi anapomwambia mama aje na glovu, wembe na mpira wa kulalia. Mara nyingi watu humlaumu muuguzi huyo kwamba anauza vitu vya bure. Wapo wenye tabia hiyo, hatukatai. Lakini tumekaa na wengine ambao kabati lao lilikuwa tupu kweli.

Tangu mwaka 2017 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo, bila kupitia halmashauri kama zamani. Na Bohari ya Dawa ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa mkoani, utaratibu ulioanzia Dodoma mwaka 2014 ukaenea nchi nzima mwaka 2018. Maana yake ni kwamba maamuzi mengi yako mikononi mwa kamati ya usimamizi ya kituo, na katika kamati hiyo wanakaa wanakijiji. Ni washarika wetu. Tulipozunguka tuliwakuta wajumbe wengi ambao hawajawahi kuona taarifa ya benki ya kituo chao, na wengine waliokuwa wakitia sahihi tu kwa sababu mganga ameharakisha.

Katika kata moja ya Wilaya ya Kibondo, miaka michache iliyopita, tulijenga pamoja na wanakijiji chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Wao walitoa matofali na mchanga, wafadhili wakatoa saruji, mabati na vitanda viwili. Siku ya uzinduzi kwaya iliimba, tukapiga picha, na picha ikatoka katika jarida hili. Baada ya mwaka mmoja tulirudi na kufungua daftari la wazazi. Idadi ilikuwa karibu ile ile ya zamani. Tulidhani ni mila, tukaanza kupanga semina ya kuwaelimisha akina mama. Mkunga akatuacha tumalize maneno, kisha akatuonyesha madumu yaliyopangwa ukutani. Hapakuwa na maji. Kila mama alitakiwa aje na ndugu wa kuchota madumu mawili kutoka bondeni, na mama ambaye hakuwa na ndugu wa kumchotea alibaki nyumbani kwake. Katika andiko letu la mradi tulikuwa tumeandika kurasa kadhaa kuhusu jinsia na hata mstari mmoja kuhusu maji haukuwamo.

Tuliweka mifereji ya bati na tangi la lita 10,000, na wazazi wakaongezeka. Mvua zetu hukoma Mei, na tangi likitumiwa kwa uangalifu hufika Julai. Agosti na Septemba madumu yanarudi. Suluhisho ni bomba la mserereko kutoka chemchemi iliyo juu ya kijiji, na fedha hizo bado hazijatosha.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa wilaya hizi mbili wanalijua kuliko watu wengi nchini. Kwa miaka mingi baadhi ya wanavijiji walitibiwa katika hospitali za kambi za wakimbizi, kwa sababu kule dawa zilipatikana. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, na Mtendeli mwaka 2021, huduma zile ziliondoka pamoja na fedha zilizozileta. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, na shughuli nyingi za UKIMWI nchini zikatikisika ndani ya wiki chache. Tunawaandikia haya wafadhili wetu kwa heshima yote, maana michango yenu imefanya kazi kubwa. Lakini mishahara ya wahudumu na dawa za kila mwezi tumeamua tusizibebe sisi, kwa kuwa siku tukishindwa atakayeumia ni mgonjwa. Vitu vya kudumu, kama maji, tutaendelea kuwaomba.

Kuhusu bima: mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Kaya nyingi za huku zinazidi sita, hivyo baba alilazimika kuchagua mtoto wa kumwacha, au kulipa mara mbili. Wengi walilipa baada ya kuuza maharage, wakakuta dawa hakuna, na mwaka uliofuata hawakurudi. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo inataka kila mkazi awe na bima na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Ugumu utakuwa pale pale tunapouona kila siku: ni nani katika kijiji ataitwa asiye na uwezo, na nani ataliandika jina lake? Mjane anayeishi mwisho wa kijiji, asiyehudhuria mikutano, ndiye anayesahauliwa. Mwinjilisti wa mtaa anamjua.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika mambo mawili kabla ya kikao kijacho. Mjumbe mmoja amwombe mwenyekiti wa kamati ya kituo asomewe mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita; ni haki ya wanakijiji, aende kwa upole. Na kila mtaa uandike orodha ya kaya zisizo na uwezo, Wakristo na wasio Wakristo, ipitishwe kwanza kwenye serikali ya kijiji. Fomu zipo kwa wachungaji. Sharika ambazo fomu hazikufika watume mtu ofisini kwetu siku ya gulio, maana siku hiyo magari ni mengi na nauli ni nafuu.