Jiliwa kuukuu bado lina kazi, ila lifungwe sawasawa

KATIKA karakana nyingi ndogo, ubao bado hushikiliwa kwa mguu, kwa goti, au na kijana wa kazi aliyeambiwa akaze mikono wakati msumeno unapita. Kazi hutoka, ila hutoka imepinda. Na siku kidole kikikatwa, hasara yake ni kubwa kuliko mbao zote za wiki hiyo.

Dawa yake ni jiliwa, ambalo mafundi wengi hulijua kwa jina la vaisi. Jipya la kuaminika ni ghali kwa anayeanza. Kuukuu huweza kupatikana kwa wauza vyuma chakavu au kwa mzee anayefunga karakana yake, na mara nyingi ni imara kuliko jipya la bei poa. Yale ya zamani yenye jina la Record yalitengenezwa Sheffield, Uingereza. Namba 52½ lina mataya yenye upana wa inchi 9, na namba 53 inchi 10½.

Usichanganye na vaisi ya fundi chuma. Ile hukaa juu ya meza na meno yake huuma mbao. La seremala huning'inia chini ya meza, na mataya yake ni mapana na laini.

Kabla ya kutoa fedha, likague. Kutu isikutishe, maana hutoka kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Cha kuogopa ni ufa. Chuma chake ni cha kumimina kwenye kalibu, hakipindi bali hupasuka, na kukichomelea kwa njia ya kawaida hakushiki vizuri. Kwa hiyo lenye ufa liache hapo hapo, hata kama muuzaji anapunguza bei.

Likiteleza unapolikaza, usilikatae haraka. Mengi ya aina hii yana nusu nati inayoachia skrubu unapobonyeza kipini kidogo kando ya mkono, ili taya livutwe upesi. Nati hiyo ikijaa uchafu haishiki. Isugue kwanza, kisha jaribu tena. Kama meno yamelika kabisa, hapo ndipo pa kuomba punguzo. Na ukiona mataya yanagusana juu kabla ya chini, si ubovu. Yametengenezwa hivyo makusudi ili yabane vizuri penye kazi.

Sasa ulifunge, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anayetumia mkono wa kulia alifunge mbele ya meza, upande wa kushoto, karibu na mguu. Pindua meza juu chini kwanza, kwani kulishikilia zito hilo ukiwa umelala chini yake ni kujitafutia balaa.

Vyuma vya mataya visifike juu ya meza. Viache chini ya uso kama nusu inchi, la sivyo randa itavigonga na makali yataisha. Meza ikiwa nyembamba, weka kipande cha mbao kati yake na kitako cha jiliwa. Tumia bolti zinazopenya meza nzima, zenye washa pana, vichwa vikizamishwa ndani ya mbao. Misumari haifai hata kidogo.

Taya la ndani lichongewe nafasi kwenye ukingo wa meza. Kisha vika mataya yote mawili mbao ngumu, ukizikaza kwa skrubu kupitia matundu yaliyomo. Mbao ya ndani iwe sawa na ukingo wa meza, ili ubao mrefu uegemee meza yote badala ya kuning'inia. Mwisho piga randa juu zote mbili zilingane na meza.

Kwenye matumizi, ukibana kitu kwenye pembe moja tu ya mataya, jiliwa huvutwa mshazari. Weka kipande cha unene ule ule kwenye pembe ya pili. Wala usivike bomba kwenye mkono wake ili kuongeza nguvu. Mataya mengi yamepasuka hivyo.

Mkulima naye ana faida yake, kwani mipini ya jembe na shoka huchongwa humo bila shida. Mfuga nyuki anafaidi zaidi. Papi za juu za mzinga wa KTBH hutakiwa ziwe na upana wa milimita 32 kwa nyuki wetu wa Afrika. Zikizidi au zikipungua, nyuki huunganisha masega na papi hazinyanyuki moja moja. Ukizibana kadhaa pamoja kwenye jiliwa na kuzipiga randa kwa mara moja, zote hutoka sawa.

Jioni pangusa vumbi la mbao kwenye skrubu na utie oili kidogo tu. Grisi nyingi hugeuka uji wa vumbi, na nati itaanza tena kuteleza.