Kadi ya pointi za ndege: Ada ya mwaka utalipa, lakini je, utapaa?

Oktoba ikifika Kericho na Bomet, pesa huongea. Bonasi ya majani chai imeingia kwa akaunti, barabara za Litein, Kapkatet, Silibwet na Sotik zimejaa watu, na kila mwenye kitu cha kuuza anajua saa yake imefika. Wauza pikipiki wapo, wauza mabati wapo, na watu wa benki nao hawabaki nyuma. Mmoja wao anaweza kukuambia kwamba umehitimu kupata kadi ya mkopo yenye pointi za usafiri. Nunua vitu, kusanya pointi, halafu panda ndege bila kulipa nauli.

Inavutia, sikatai. Hasa ukiwa na miaka 24, una kakazi Nairobi au unauza nguo mtandaoni kutoka Kericho mjini, na ufuo wa Diani umeuona kwa simu tu. Shida ni kwamba kadi kama hiyo huwa na ada ya kila mwaka, na ada hiyo hukatwa upande ndege usipande. Kwa hivyo kabla ya kutia sahihi, keti chini tupige hesabu pamoja.

Hii kadi si ya ATM

Tuanze na msingi. Kadi ya ATM, ikiwemo ile ya SaccoLink ambayo wanachama wengi wa sacco wanayo mfukoni, hutumia pesa zako mwenyewe. Kadi ya mkopo hutumia pesa za benki. Unanunua leo, benki inalipa, kisha unaletewa bili. Ukiilipa yote kabla ya siku ya mwisho, hutozwi riba. Kipindi hicho cha neema kinaweza kufika siku 50 hivi, kutegemea tarehe uliyonunua.

Kwa kila ununuzi, kadi za usafiri hukupa pointi. Pointi hizo unaweza kuzibadilisha ziwe tiketi, hoteli au punguzo la bei. Baadhi ya kadi huongeza bima ya safari na ruhusa ya kuingia launji ya uwanja wa ndege, pale penye viti laini na chai ya bure (chai ambayo, kwa mtu wetu, si kitu cha kumtoa jasho).

Hesabu ya darasa la sita

Mimi chuo niliacha njiani, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Chukua ada ya mwaka, kisha ujiulize: nitumie pesa ngapi kupitia kadi ndio pointi zirudishe hiyo ada?

Tuseme ada ni Sh6,000. Tuseme pia kila Sh100 unayotumia inakupa pointi zenye thamani ya senti 50. Hizi ni namba za mfano tu, weka za kadi yako. Ili pointi zifike Sh6,000, lazima utumie Sh1.2 milioni kwa mwaka, yaani Sh100,000 kila mwezi. Kama kadi ni karimu zaidi na inakupa Sh1 kwa kila Sh100, bado unahitaji kutumia Sh600,000 kwa mwaka, au Sh50,000 kila mwezi.

Na hapo hujapata zawadi yoyote. Umerudi sufuri tu. Zawadi inaanza baada ya hapo. Kumbuka pia kwamba ada za benki huongezewa ushuru wa serikali, kwa hivyo uliza jumla yote, usiulize ada pekee.

Pesa zako hupitia wapi?

Sasa njoo kwa maisha yako halisi. Kodi ya nyumba unamtumia landlodi kwa M-Pesa. Mboga unanunua sokoni. Boda ni pesa taslimu, chama ni M-Pesa, na nauli ya matatu ya kwenda nyumbani haijui kadi. Kinachobaki ni supamaketi, petroli kama una gari, na vitu vya mtandaoni.

Mtu anayepata Sh45,000 kwa mwezi anaweza kukuta ni Sh12,000 tu zinazoweza kupitia kadi. Kwa mwaka hizo ni Sh144,000. Kwa ile kadi ya senti 50, atapata pointi za Sh720. Kwa ile karimu, Sh1,440. Ada ni Sh6,000. Hapo ndugu yangu, wewe ndiye unayeipa benki zawadi.

Tena kuna suala la ndege yenyewe. Ukiwa Kericho, uwanja mkubwa ulio karibu ni wa Kisumu, kilomita 80 hivi. Mtu wa Bomet anayekwenda Nairobi anapitia Narok na Mai Mahiu, na akifika Kisumu kutafuta ndege tayari angekuwa mbali na safari yake. Kwa hivyo safari tunazofanya sana, za kwenda kuwaona wazazi Desemba au kwenda mazishi wikendi, ni za matatu. Pointi za ndege haziwezi kukufikisha Mogogosiek.

Chai hailipi kama bili

Hapa ndipo mambo huwa mazito, kwa hivyo soma polepole.

Mkulima wa KTDA hulipwa kila mwezi kiasi fulani kwa kilo ya majani mabichi, halafu bonasi huja mara moja kwa mwaka. Pesa ya maana ni hiyo bonasi. Ndiyo hulipa karo, ndiyo hujenga nyumba. Na haina uhakika. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipaza sauti hadharani kwa sababu bonasi yao ilikuwa ndogo, huku wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wakipata nyingi zaidi.

Bili ya kadi nayo haijui bei ya chai mnadani Mombasa. Inakuja kila mwezi.

Sasa fikiria kijana aliyetumia Sh40,000 mwezi Juni, akijiambia kwamba mzee akipata bonasi Oktoba atamsaidia kulipa. Tuchukue riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho si kigeni kwa kadi za mkopo nchini. Kwa miezi minne deni hilo linakuwa karibu Sh45,900. Riba peke yake ni Sh5,900, na hapo hatujahesabu faini za kuchelewa. Pointi alizopata kwa hizo Sh40,000, hata kwa kadi karimu, ni za Sh400.

Benki pia hukuruhusu kulipa kiwango cha chini, sehemu ndogo tu ya bili. Kiwango hicho kinakuepusha na faini, hakikuepushi na riba. Na ukitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, juu ya ada ya kutoa.

Ukishindwa kabisa, jina lako linapelekwa CRB. Halafu siku unayotaka mkopo wa kweli, wa kununua mashine ya kushonea au kulipia shamba, mlango umefungwa. Na kama mzazi ataamua kukuokoa, zile kilo alizochuma mama kwenye baridi ya asubuhi zimelipia riba ya launji.

Nani inamfaa basi?

Kadi hizi si ubaya. Zina watu wake.

Kuna mwanariadha anayesafiri kwenda mbio za Ulaya mara kadhaa kwa mwaka. Anahitaji kadi ya kushikilia chumba cha hoteli, na bima ya safari angeinunua hata hivyo. Kuna mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Dubai au China na kulipa kwa kadi kila mwezi. Kuna mfanyakazi ambaye ofisi humrudishia gharama za safari kwa wakati, hivyo hulipa bili yote bila kuhangaika. Hawa pesa zao hupitia kadi tayari. Pointi ni nyongeza tu.

Hata wao waangalie gharama ya kubadilisha sarafu. Ukilipa kwa dola, benki hutumia kiwango chake cha kubadilisha na inaweza kuongeza ada juu. Nyongeza hiyo inaweza kumeza pointi zote za safari.

Pointi si pesa zako

Jambo lingine: sheria za pointi huandikwa na aliyezitoa, na anaweza kuzibadilisha. Unajua Bonga za Safaricom, zilizoanza 2007? Mwishoni mwa 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingeanza kufutwa, kisha ikasitisha mpango huo. Kenya Airways nayo iliacha mpango wa Flying Blue na kuanzisha wake, Asante Rewards, mwaka 2024. Hakuna aliyekupigia simu kukuuliza maoni. Kwa hivyo usikusanye pointi miaka kumi ukisubiri harusi. Zitumie.

Kama unachotaka ni kulipa mtandaoni tu

Wengi wetu tunatamani kadi kwa sababu tunataka kulipia kozi, programu au hoteli ya nje. Kwa hilo huhitaji deni. Tangu 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa iliyo ndani ya simu, inayotumia salio lako la M-Pesa. Kadi ya ATM ya benki yako pia inaweza kufanya kazi hiyo. Na kama unataka kujenga historia nzuri ya mkopo, uliza kadi ya mkopo yenye ada ndogo, ambayo dhamana yake ni akiba yako mwenyewe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Kericho wana sacco inayoitwa Ndege Chai. Huenda akiba ya kila mwezi kwenye sacco ikakupandisha ndege mapema kuliko pointi. Weka Sh1,500 kila mwezi, na mwisho wa mwaka una Sh18,000 zako, bila ada ya launji.

Maswali ya kumuuliza mtu wa benki

Ukiwa bado unaitaka, nenda na maswali haya, na umwombe akuonyeshe majibu kwa maandishi:

- Ada ya mwaka ni ngapi pamoja na ushuru? Kama mwaka wa kwanza ni bure, wa pili je?
- Nikifikisha matumizi fulani, ada inaondolewa?
- Pointi moja ina thamani ya shilingi ngapi nikinunua tiketi? Zinaisha lini?
- Ni shirika gani la ndege, na safari za Kisumu au Eldoret zimo?
- Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na faini ya kuchelewa?
- Launji ni mara ngapi bure, na baada ya hapo nalipa nini?
- Nikitaka kuifunga, nafanya nini?

Kisha rudi nyumbani, fungua taarifa zako za M-Pesa za miezi mitatu, ujumlishe zile ambazo kweli zingepitia kadi. Zidisha kwa nne upate mwaka, halafu kwa thamani ya pointi. Jibu likizidi ada, na una uhakika wa kulipa bili yote kila mwezi bila kugusa bonasi ya mtu, chukua kadi upae. Lisipozidi, mwambie mtu wa benki asante, kongoi, ukapande matatu yako ukiwa huna deni.