Lugha ya Mazungumzo ya Afya katika Chuo Kikuu

Kila mwaka kalenda ya afya huleta siku zake, na vyuo vikuu vyenye shule za utabibu huweza kuzitumia siku hizo kuwaalika watu wote, wasomi na wasio wasomi, waje kusikiliza mazungumzo. Siku ya Kifua Kikuu ni tarehe 24 Machi, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin ya kwamba amevumbua vijidudu viletavyo maradhi hayo. Siku ya Afya Duniani ni tarehe 7 Aprili, siku ilipoanza kutumika katiba ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1948. Malaria ina tarehe 25 Aprili. Kichaa cha mbwa kina tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Na UKIMWI una tarehe 1 Desemba. Basi mtu akiuliza mazungumzo yajayo yatahusu nini, jibu si gumu. Lililo gumu ni swali la pili: yatasemwa kwa maneno gani?

Nakusudia kulieleza swali hilo kwa wenzetu washughulikao na lugha, maana si swali la madaktari peke yao. Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Shule ya utabibu ilianzishwa huko mwaka 1963, ikaingizwa katika chuo cha Dar es Salaam mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Mafunzo ya utabibu hutolewa kwa Kiingereza, lakini wagonjwa wengi husema Kiswahili. Kwa hiyo daktari hujifunza ugonjwa kwa lugha moja, na kumhoji mgonjwa kwa lugha nyingine. Wodini aweza kuuliza mara ya pili na ya tatu, mpaka wakaelewana. Jukwaani hana nafasi hiyo. Neno likimtoka, kila msikilizaji hulichukua kwa maana aliyo nayo moyoni.

Mfano wa kwanza ni neno degedege. Kwa daktari, hiyo ni hali ya mtoto kukakamaa na kutetemeka, macho yakigeuka, na mara nyingi sababu yake ni homa kali au malaria iliyofika ubongoni. Lakini katika fikira za watu wengi wa pwani neno hili lahusishwa na ndege au pepo, wala si malaria hata kidogo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi jambo hili lilivyo zito: malaria ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa hospitali, na degedege kuwa ugonjwa wa mganga. Wako hata walioamini ya kwamba mtoto mwenye degedege akipigwa sindano atakufa. Sasa tumfikirie mnenaji anayesimama tarehe 25 Aprili, akasema kwa saa nzima juu ya malaria, asilitaje neno degedege hata mara moja, kwa kuliona kuwa ni neno la ushirikina. Mama aliyemsikiliza atarudi nyumbani ameelewa yote, na siku mwanawe atakapokakamaa hatakumbuka ya kwamba aliambiwa lo lote linalohusu hali hiyo. Hapo upungufu wa neno moja waweza kuwa kifo cha mtoto.

Je, neno degedege litupwe? Sidhani. Neno malaria lenyewe latokana na Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa zamani watu walidhani ya kwamba homa hiyo huletwa na harufu ya mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu, na ikadhihirika ya kwamba hewa haina hatia. Hata hivyo jina halikubadilishwa. Lililobadilishwa ni maarifa yaliyomo ndani yake. Basi yafaa mnenaji aseme wazi: degedege mliijuayo, mara nyingi ni malaria iliyozidi, na njia yake ni hospitali mara moja. Hivyo neno la zamani litabeba maarifa mapya.

Lugha yetu imekwisha kufanya hivyo mara nyingine. Kuchanja ni kukata chale ndogo mwilini, na watu walichanjwa dawa tangu kale. Ilipokuja kinga ya ndui, ambayo ilitiwa kwa kukwaruza ngozi, neno chanjo lilifaa kabisa. Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imetoweka duniani, lakini neno halikwenda nayo. Leo mtoto hupewa matone ya polio kinywani, pasipo wembe wala chale, nasi twasema amepata chanjo, wala hapana anayeshangaa.

Lakini hatuna budi kukiri ya kwamba neno la zamani halitoshi po pote. Liko neno wadudu, au vijidudu, ambalo kwa miaka mingi limetumiwa kwa vyote viletavyo maradhi visivyoonekana kwa macho. Msikilizaji akiambiwa ya kwamba malaria ni wadudu, kifua kikuu ni wadudu, na mafua ni wadudu, atakosaje kudhani ya kwamba dawa iuayo wadudu hawa yawaua na wale? Antibiotiki haziponyi mafua, wala malaria haiponywi kama kifua kikuu. Na dawa zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea na kuwa sugu. Hapa lazima tofauti ya bakteria, virusi na vimelea ielezwe, hata kama maneno hayo ni mageni sikioni.

Tena liko tatizo la maneno tuliyoyaunda wenyewe. UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni neno zuri, nalo limeenea mno tangu wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Lakini VVU ni Virusi vya UKIMWI. Jina la kisababishi limebeba ndani yake jina la ugonjwa. Hivyo mtu akiambiwa ana VVU, husikia ya kwamba ana UKIMWI, ilhali mwenye VVU anayetumia dawa kwa utaratibu aweza kuishi miaka mingi pasipo kuufikia UKIMWI. Kinyume cha hayo, neno kufubaza, litumikalo kwa dawa hizo, limechaguliwa kwa busara: kitu kilichofubazwa kimepoteza ukali wake, lakini bado kipo. Neno moja laeleza kwa nini dawa isiachwe.

Isidhaniwe ya kwamba lugha za kwetu ni za kupokea tu. Jina chikungunya latoka katika Kimakonde, nalo lahusu kukunjamana kwa mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Lilipokewa na madaktari baada ya maradhi hayo kuzuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Na daktari James Christie, aliyekaa Unguja katika karne ya 19, aliandika juu ya homa iliyoitwa kidingapopo, au kidinga pepo, na wako wanaodhani ya kwamba ndilo asili ya jina dengi. Watu waliougua ndio waliotoa jina, na wataalamu wakalifuata.

Mwisho, tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wakadiriwao kufika milioni 2 katika Tanzania walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio juu ya malaria, kichocho, safura na maradhi mengine, kisha wakajadiliana na kuamua wafanye nini: kuchimba choo, kufukia madimbwi. Mafunzo hayakuishia katika kusikiliza. Maneno ya redio yalipimwa kwa maneno ya kijiji.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kabla ya mazungumzo, mnenaji na mtaalamu wa lugha wakae pamoja, waorodheshe majina yote ambayo wasikilizaji huuita ugonjwa ule. Wakati wa mazungumzo, kila jina litajwe, na ielezwe ni lipi lihusulo ugonjwa huo na lipi silo. Baada ya mazungumzo, wasikilizaji wachache waombwe kueleza kwa maneno yao waliyoyasikia, na majibu yao yaandikwe. Orodha hizo zikikusanywa mwaka hata mwaka, zitatufaa sisi watunga kamusi kuliko orodha yo yote iundwayo mezani, na daktari atajua ni neno gani limwambialo mama aende hospitali usiku ule ule.